Maziwa ya Mwezi wa Mei

Swali la kwanza lilikuwa la samaki.

Tulikuwa watano barazani hapa Kilifi, mdila wa kahawa umeshazunguka mara mbili, na ubishi ulikuwa ule ule wa miaka hii: kinu cha nyuklia. Tangu Uyombo, hapa hapa Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujengwa kinu cha kwanza cha Kenya, na wenyeji wake waandamane mwaka 2024 kukikataa, jina la Chernobyl, kinu cha Ukraine kilicholipuka mwaka 1986, halikosekani katika mazungumzo. Hutajwa kama jini la mbuyuni. Kila mtu analiogopa, na ni wachache wanaoweza kukwambia lilimfanya nani nini. Jioni hiyo tukaamua tulizungumze mpaka mwisho wake.

Waliosema ni wanne. Mwalimu amefundisha fizikia shule za sekondari maisha yake yote ya kazi, naye huamini kwamba hofu ya nyuklia imeizidi nyuklia yenyewe. Daktari, sasa mstaafu, alisomea udaktari Kyiv enzi za Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1986 alikuwa huko huko. Kijana ni mtoto wa kaka yake, anasomea mazingira chuo kikuu. Wa nne ni mama karanga. Kwa msomaji asiyeijua pwani yetu, huyo ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika, ingawa sikuweza kunyamaza mpaka mwisho.

MAMA KARANGA: Kabla hamjaingia kwenye hesabu zenu. Huko Chernobyl kuna mto au ziwa? Samaki walikuwaje?

KIJANA: Kuna mto, mama, unaitwa Pripyat. Na kando ya mtambo lilichimbwa bwawa la kupoozea mashine, kama kilomita za mraba 22. Kambare wake ni wakubwa ajabu. Watalii walikuwa wakiwatupia mkate darajani na kuwapiga picha. Watu husema mionzi ndiyo iliyowakuza hivyo.

MAMA KARANGA: Nani anawavua?

KIJANA: Hakuna. Ni marufuku.

MAMA KARANGA: Basi ajabu iko wapi? Samaki asiyevuliwa hukua. Nenda Kuruwitu ukaone. Wazee walipoifunga ile bahari ikawa tengefu, haikupita miaka mingi samaki tuliokwisha kuwasahau wakarudi. Hakuna aliyewatilia mionzi.

Nimeyaandika maneno haya mwanzo kwa sababu wataalamu wa wanyamapori walihitaji miongo mitatu na helikopta kufika alipofika yeye kwa pumzi moja. Kijana mwenyewe alilikubali hilo, akatusimulia utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu hifadhi ya Polesie, upande wa Belarus wa eneo lililofungwa. Kulungu na nguruwe mwitu walikuwa wengi sawa na walio katika hifadhi nyingine za nchi hiyo zisizo na mionzi. Mbwa mwitu walikuwa mara saba zaidi. Upande wa Ukraine, farasi wa Przewalski walioachiwa humo mwaka 1998 wamezaana. Watu walipoondoka, mwitu ulirudi, juu ya sumu ile ile.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema tuwe na kiasi. Tumeambiwa pale ni jangwa la mauti, kumbe ni mbuga.

DAKTARI: Wingi si uzima, Mwalimu. Msonobari wa msitu ulio karibu na kinu ulikufa wote katika wiki chache, majani yakageuka mekundu kama kutu. Mpaka leo unaitwa Msitu Mwekundu. Magogo ya miti ile yalifukiwa mashimoni. Kuna watafiti waliopima mbayuwayu wa eneo lile wakakuta madoa meupe kwenye manyoya, na wadudu na buibui wachache palipo na mionzi mikali.

MWALIMU: Na wapo waliopinga vipimo hivyo.

KIJANA: Wapo, na ubishi haujaisha. Lakini shangazi ana hoja: kumhesabu mnyama ukiwa angani si kumpima damu. Mbwa mwitu akiishi miaka mitano na kuzaa mara tatu, hesabu yake inapendeza, hata kama angeishi saba.

MAMA KARANGA: Mimi nauliza jingine. Faida ya tengefu ni samaki anayevuka mpaka. Anakua ndani, anatoka nje, mvuvi anamkuta. Huko kwenye tengefu yenu, kinachovuka mpaka ni nini?

Hapo Mwalimu alicheka, akaweka kikombe chini. Nadhani alitambua kwamba mjadala umeondoka mikononi mwake.

MWALIMU: Kilichovuka ni vumbi, na lilivuka siku za mwanzo. Lakini lazima nianze na kinu. Ilikuwa usiku wa Aprili 26, saa saba na dakika 23. Walikuwa wakifanya jaribio: umeme ukikatika, je, tabo inayozunguka kwa nguvu iliyobaki itaweza kuendesha pampu za maji mpaka jenereta ziwake? Nguvu ya kinu ikashuka kupita kiasi. Wakaivuta juu kwa kuchomoa karibu fimbo zote za kudhibiti. Sasa, kinu cha aina ile, RBMK, kilikuwa na kasoro mbili. Maji yake yakigeuka mvuke, nguvu huongezeka badala ya kupungua. Na fimbo zake zilikuwa na ncha za grafiti, kwa hiyo ukizishusha zote kwa pamoja, sekunde za mwanzo huchochea badala ya kuzima. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia: ni breki ambayo ukiikanyaga, gari huongeza mwendo kwanza. Walipobonyeza kitufe cha kuzima, ndipo kilipolipuka.

MAMA KARANGA: Na dereva alijua breki yake ni ya aina hiyo?

MWALIMU: Hakuelezwa uzito wake. Tabia hiyo ilishaonekana mwaka 1983 katika kinu kingine cha aina hiyo, kule Ignalina, Lithuania.

DAKTARI: Huo ni ukimya wa kwanza. Uandike, mwandishi.

MAMA KARANGA: Upepo ulikuwa upi?

Swali la mtu wa bahari. Pwani yetu haina jambo linaloanza bila kuuliza kama ni kaskazi au kusi. Na kwa kweli ramani nzima ya maafa yale ni ramani ya upepo na mvua. Moto wa grafiti uliwaka kama siku kumi, na katika siku hizo upepo uligeuka kila upande. Mwanzo ulivuma kaskazini na magharibi, juu ya Belarus, kisha Skandinavia. Mwisho wa mwezi ukageuka kusini, kuelekea Kyiv. Palipokutana wingu na mvua, mionzi ilishuka. Paliponusurika na mvua, wingu lilipita. Ndiyo maana ramani ya uchafuzi ina madoa kama ngozi ya chui: kijiji kimoja kimechafuka, cha jirani hakijaguswa, na doa jingine kubwa liko kilomita 200 kutoka kwenye kinu. Belarus haikuwa na kinu cha umeme wa nyuklia hata kimoja, lakini zaidi ya moja ya tano ya ardhi yake ilichafuka.

KIJANA: Na kule Wales, zaidi ya kilomita 2,000, mvua ilinyesha milimani. Siziamu yenye mionzi ikaingia kwenye nyasi za milima, kondoo wakala. Wakulima waliambiwa marufuku ya kuuza kondoo ni ya wiki tatu. Iliondolewa mwaka 2012.

MAMA KARANGA: Wiki tatu zikawa miaka ishirini na sita?

DAKTARI: Watu wa mji wa Pripyat waliambiwa siku tatu. Wachukue vitambulisho na chakula cha siku tatu, waache paka na mbwa. Ilikuwa Aprili 27, saa nane mchana, saa thelathini na sita na ushei baada ya mlipuko. Watu karibu 49,000 wakapanda mabasi. Hakuna aliyerudi kuishi. Waliorudi ni wanavijiji, hasa bibi wazee, waliopenya vizuizini kurudi kwenye mashamba yao ya viazi, wakasema afadhali mionzi ya nyumbani kuliko ghorofa la ugenini. Ukijumlisha na waliohamishwa miaka iliyofuata, ni kama watu 350,000.

MWALIMU: Tusisahau pia kwamba si kila mionzi ni ya Chernobyl. Nguruwe mwitu wa Bavaria, Ujerumani, nyama yao bado hupimwa kabla ya kuuzwa, kwa sababu huchimbua uyoga wa chini ya udongo uliofyonza siziamu. Mwaka 2023 watafiti walipoichunguza siziamu hiyo waligundua sehemu yake ilitoka kwenye majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960. Katika baadhi ya nyama, zaidi ya nusu.

DAKTARI: Kweli kabisa. Na hayo yanaonyesha kwamba udongo hausahau.

Mwalimu akaeleza nusu-uhai kwa namna ambayo sijawahi kuisikia ikielezwa vizuri zaidi. Chukua pishi ya mchele, alisema. Kila baada ya muda fulani nusu yake inageuka pumba, bila kujali wewe unafanya nini. Huwezi kuharakisha, huwezi kuchelewesha. Kwa iodini-131 muda huo ni siku nane. Kwa siziamu-137 ni miaka 30, kwa hiyo mwaka 2016 ilikuwa imebaki nusu, na mwaka 2046 itabaki robo. Kwa plutoniamu-239 ni miaka 24,000. Tena ipo amerisiamu, ambayo huzaliwa na plutoniamu ya aina nyingine inapooza: hiyo bado inaongezeka pale Chernobyl hadi leo, miaka arobaini baadaye.

MAMA KARANGA: Basi ya kuogopwa zaidi ni hiyo ya miaka elfu ishirini na nne.

DAKTARI: Hapo ndipo kila mtu hukosea, mama. Iliyodhuru watoto ni ile ya siku nane.

Nilitaka aendelee, lakini Mwalimu aliomba kwanza tumalize suala la waliokufa, maana ndilo linalopigiwa kelele.

MWALIMU: Wawili usiku ule ule, mmoja mwili wake haujaonekana mpaka leo, umo ndani ya kifusi. Watu 134 walithibitishwa kuugua mionzi mikali, wazimamoto na wafanyakazi wa kinu, na 28 kati yao wakafa mwaka huo huo. Hao hawana ubishi. Baada ya hapo ni makadirio. Mwaka 2005 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba katika watu kama 600,000 waliopata mionzi mingi zaidi, vifo vya saratani vinaweza kufikia 4,000. Greenpeace wakasema 93,000. Kikatoka na kitabu New York kikisema karibu milioni moja, wanasayansi wengi wakakikataa.

MAMA KARANGA: Kutoka elfu nne hadi milioni? Mimi nikikosea shilingi hamsini mteja ananiita mwizi.

DAKTARI: Saratani haina muhuri, mama. Cheti cha kifo kinaandika saratani ya tumbo. Hakiandiki imetoka wapi. Katika hao 600,000, zaidi ya laki moja watakufa kwa saratani hata kama kinu kisingelipuka. Ukiongeza elfu nne humo, huwezi kuwaona.

MAMA KARANGA: Kama nikichanganya samaki wa ngalawa ishirini kwenye beseni moja. Mteja akiharisha, sitajua ni wa ngalawa ipi.

DAKTARI: Hivyo hivyo.

MWALIMU: Na hoja yangu ndiyo hiyo! Kitu kisichoonekana katika hesabu hakiwezi kuitwa mauaji ya halaiki.

DAKTARI: Wala hakiwezi kuitwa si kitu. Asiyeonekana kwenye beseni bado amemuumiza mteja. Lakini, Mwalimu, kuna samaki mmoja mwenye rangi yake, na huyo tulimwona.

Akajisogeza mbele. Haya yafuatayo aliyasema kwa sauti ya chini, na nimeyaacha karibu kama yalivyo.

DAKTARI: Mei mosi tulikuwa barabarani Kyiv, tumevaa mashati mepesi. Maandamano ya Siku ya Wafanyakazi yalifanyika kama kawaida, watoto wa shule mbele na maua mikononi. Kinu kiko kilomita mia moja hivi, na upepo ulikuwa umegeuka kwetu siku moja kabla. Kule Sweden, wafanyakazi wa kinu cha Forsmark walishaona Aprili 28 kwamba viatu vyao vina mionzi isiyo yao. Dunia nzima ikajua. Moscow ikatoa tangazo la sentensi chache jioni hiyo. Sisi wanafunzi wa kigeni tulipata habari kwa redio za nje, tukisikiliza usiku. Bwenini wakasema divai nyekundu huosha mionzi, wengine wakasema vodka. Kisha tukaona magari ya maji yanaosha barabara, mchana na usiku. Hakuna aliyesema kwa nini. Katikati ya Mei shule zikafungwa mapema na watoto wakapelekwa kusini. Kituo cha treni kilikuwa kilio kitupu.

Sasa tazama nyasi. Iodini-131 imetua juu ya majani huko vijijini, Ukraine na Belarus na upande wa Bryansk, Urusi. Ni majira ya kuchipua, ng'ombe wametoka zizini baada ya baridi ya miezi. Ng'ombe mmoja kwa siku hufyeka eneo kubwa, na chote alichokusanya hukileta nyumbani kwenye ndoo moja. Nani anakunywa maziwa kuliko wote? Mtoto. Na mwili wa mtoto ukipata iodini huipeleka kwenye tezi ya shingo, thairoidi, ambayo kwake ni ndogo kama njugu. Tena watu wa sehemu zile walikuwa na upungufu wa iodini katika chakula, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita madini joto na kuitia kwenye chumvi. Tezi yenye njaa haichagui.

MAMA KARANGA: Na dawa yake?

DAKTARI: Kutokunywa maziwa yale. Basi. Siku themanini, Mwalimu atakuhesabia, inabaki moja ya elfu. Yafanye maziwa ya unga, yafanye jibini uihifadhi mpaka iodini iishe, mpe mtoto maji. Na umgawie kidonge cha iodini safi mapema, tezi ishibe kabla ile mbaya haijafika. Poland walifanya hivyo. Hawakusubiri Moscow iwaeleze. Vipimo vyao wenyewe viliwaambia, na kuanzia Aprili 29 jioni wakagawa iodini ya kunywa kwa watoto zaidi ya milioni 10. Ng'ombe wakazuiwa malishoni. Vijiji vingi vya Belarus havikupata kitu, na viko karibu zaidi.

KIJANA: Ikachukua miaka mingapi kuonekana?

DAKTARI: Minne. Kabla ya hapo saratani ya tezi kwa watoto wa Belarus ilikuwa ya kuhesabika kwa vidole kila mwaka. Mwaka 1990 ikaanza kupanda. Mwaka 1991 timu ya kimataifa ilitangaza kwamba haikuona maradhi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi. Mwaka 1992 madaktari wa Minsk wakaandika katika jarida la Nature kwamba wanaiona. Baadhi ya wakubwa wa Magharibi wakawaambia ni mapema mno, labda mnatafuta sana ndiyo maana mnaona. Leo hakuna anayebisha. Kufikia mwaka 2015, katika waliokuwa chini ya miaka 18 wakati ule, walioonekana na saratani hiyo ni zaidi ya 19,000.

MWALIMU: Si wote kwa sababu ya mionzi, Daktari. Kamati ya Umoja wa Mataifa inakadiria robo. Wengine ni umri, wengine ni kupimwa zaidi.

DAKTARI: Robo. Nakubali. Robo ya 19,000 ni watoto karibu elfu tano, na sababu yake ni ndoo ya maziwa.

MWALIMU: Na hutibika. Kufikia mwaka 2005 waliokufa ni 15 tu.

MAMA KARANGA: Hiyo "tu" yako, mwalimu, mweleze mama yake.

Ukimya ukapita. Mwalimu hakujitetea, na kwa haki yake niseme hakuwa ametaja idadi ile kwa dharau. Ni kweli saratani ya tezi ni mojawapo ya zile zinazotibika vizuri. Lakini Daktari alitueleza kutibika maana yake nini: tezi inaondolewa, kovu linabaki kama mkufu chini ya koo, hata likaitwa mkufu wa Chernobyl, na kidonge kinamezwa kila asubuhi mpaka kaburini.

MAMA KARANGA: Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini huko naona aliyeficha ni mmoja, aliyelia ni mwingine.

MWALIMU: Nami nitakubali hilo, mradi nanyi mnikubalie jingine. Hofu nayo iliua. Mashirika yale yale ya mwaka 2005 yalisema madhara makubwa zaidi kwa afya ya watu yalikuwa ya akili: huzuni, ulevi, watu kujiona wafu wanaotembea. Kule Ugiriki, mbali kabisa, ambako mionzi ilikuwa kidogo, watafiti walikadiria kwamba mimba kama 2,500 zilizotakiwa zilitolewa kwa sababu madaktari na wazazi waliogopa. Na Fukushima, Japani, mwaka 2011: hakuna aliyekufa kwa mionzi mikali, lakini zaidi ya watu 2,000, wengi wao wazee, walikufa kutokana na msukosuko wa kuhamishwa na maisha ya makambini.

MAMA KARANGA: Na watoto waliozaliwa baadaye? Husemwa walizaliwa na vichwa viwili.

DAKTARI: Husemwa. Mwaka 2021 wanasayansi walisoma jeni za watoto 130 ambao wazazi wao walikuwa wakazi waliohamishwa au likwidatori, yaani wale askari na wafanyakazi waliopelekwa kusafisha. Hawakukuta mabadiliko mapya ya urithi kupita ya watoto wengine. Hiyo ni habari njema, na ilistahili kutangazwa kwa ngoma. Wapo waliokaa bila kuzaa maisha yao yote kwa kuogopa.

MWALIMU: Umeona? Hofu!

Hapa ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nikamwambia Mwalimu kwamba hofu hiyo anaihesabu kama ugonjwa mwingine, wa upande wa pili, ilhali ina baba mmoja na saratani. Mtu aliyeambiwa siku tatu zikawa maisha, atamwamini nani akija tena na kipimo mkononi kumwambia sasa ni salama? Mwanamke wa Gomel, kule Belarus, hakuwa mjinga kuogopa. Alikuwa amejifunza. Ukweli uliokuja umechelewa haukuwa na thamani sokoni tena, hata ulipokuwa ukweli kweli.

MAMA KARANGA: Sokoni ndiko ninakokujua mimi. Samaki akisemwa tu, amekwisha. Haijalishi mzima au mbovu.

KIJANA: Ndiyo yaliyowakuta wavuvi wa Fukushima. Agosti 2023 Japani ilianza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kile kinu, ndani yake mna tritiamu kidogo chini ya viwango. China ikafunga mlango kwa samaki wote wa Japani. Vipimo vilikuwa vizuri, haikusaidia.

MAMA KARANGA: Basi huko Uyombo, kwenye mikoko na kasa na samaki wa hori ya Mida, mimi sihitaji kinu kilipuke. Kikivuja uvumi, nimefunga kikaango.

Mwalimu alijibu kwamba vinu vya leo si RBMK, vina kuba la zege ambalo Chernobyl haikuwa nalo, na kwamba makaa ya mawe huua watu kila siku bila mtu kuandamana. Yote ni kweli. Sitayarefusha, kwa sababu hata Daktari hakuyapinga. Alichofanya ni kutaja kuba jingine. Mwaka 1986 kinu kilichobomoka kilifunikwa kwa jeneza la zege na chuma lililojengwa kwa siku 206, wajenzi wakifanya kazi kwa dakika chache kila mmoja penye mionzi mikali. Likaanza kutoboka. Mwaka 2016 likasukumwa juu yake tao jipya la chuma, urefu wa mita 108 kwenda juu, fedha za nchi nyingi, lililokusudiwa kudumu miaka 100. Mwaka 2022 majeshi ya Urusi yaliingia na kukaa hapo wiki tano. Februari 14, 2025 droni ikalitoboa paa lile.

KIJANA: Miaka mia, kwa kitu kinachodai miaka elfu ishirini na nne.

MWALIMU: Miaka minane na ushei, kwa kweli. Kutoka 2016 hadi droni.

Alilisema mwenyewe, bila kusukumwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Kahawa ilikuwa imepoa. Mama karanga alikuwa ameanza kukunja leso yake kichwani, kwa maana wavuvi wa jioni walikuwa wanaingia. Akamgeukia Daktari.

MAMA KARANGA: Hivyo vidonge vya iodini. Vinatakiwa kumezwa lini hasa?

DAKTARI: Kabla wingu halijafika, au ndani ya saa chache tangu lifike. Ikipita siku nzima havina faida, tezi imeshajaa. Uswisi huwapelekea majumbani watu wote wanaoishi ndani ya kilomita 50 za kinu, vikae kabatini karibu na chumvi, bila kungoja ajali.

MAMA KARANGA: Na kiongozi wao, yule wa Moscow, alisema na watu lini?

DAKTARI: Gorbachev? Alionekana kwenye runinga Mei 14. Siku ya kumi na nane.

Mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu kabla hatujamuuliza. Siku kumi na nane ni nusu-uhai mbili na ziada. Zaidi ya robo tatu ya iodini iliyotoka kinuni ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

MAMA KARANGA: Basi swali langu mimi si kama kitalipuka. Hao mainjinia wanapokuja wanaonyesha picha za kinu cheupe na miti, mimi nitawauliza vidonge vitakaa wapi. Nairobi? Kilifi mjini? Kwa chifu? Na nani ana ufunguo siku ya Jumapili?

Akaenda zake ufukweni. Nawe msomaji, ukihudhuria kikao chochote cha umma kuhusu kinu, kiwe cha Uyombo au popote kitakapohamishiwa, liulize swali hilo kabla ya mengine, na usikae chini mpaka utajiwe jengo lenyewe na jina la mwenye ufunguo.